Kabla Hujanunua Betri Nyingine, Pima Waya wa Winchi

Ndugu zangu madereva, mafundi wenzangu, na ninyi wenye magari mliokubali kuja, asanteni. Wa nyuma sogeeni, leo nataka kila mtu aione hii mita ya kupimia umeme mkononi mwangu. Wanaonifahamu wanajua nitasema nini, na nitaendelea kulisema mpaka watu waache kubeba betri mabegani kila mwezi kama magunia ya mkaa.

Gari lilikuwa zima. Umelifunga winchi, ile mashine ya umeme ya kujivuta kwenye matope, na miezi miwili baadaye asubuhi haliwaki. Unaambiwa betri imekufa. Unanunua nyingine, nayo inakufa. Ya tatu unapandisha saizi, nayo inakufa vilevile. Jamani, mgonjwa akizikwa mara tatu si mtu angeuliza kama kweli ni huyo aliyekuwa anaumwa?

Niwape kisa cha Land Cruiser moja iliyorefushwa, dizeli, ya kampuni ambayo siitaji. Ilifungwa winchi kabla ya msimu wa Ndutu, kule Serengeti inapopakana na Ngorongoro, na mnaijua Ndutu ile mvua ikishanyesha: udongo mweusi unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Winchi ilifanya kazi nzuri sana. Lakini kila walipolala ukingoni mwa Ngorongoro, kwenye baridi ile, saa kumi na mbili asubuhi gari halipigi. Wageni wameshavaa makoti, kreta inawasubiri, dereva anazunguka kuomba wenzake wambusti, yaani wamwazime umeme wa betri zao awashe. Betri ya kwanza ikabadilishwa, na ya pili pia. Ya tatu ilipoanza kuchoka, dereva akakatwa mshahara, eti anasahau friji usiku. Mtu ana watoto shuleni, anakatwa kwa kosa ambalo hakuna aliyelipima! Hapo ndipo ninapokasirika, na sitaomba radhi.

Akaniletea gari siku yake ya mapumziko. Nikamwambia liwashe, washa na taa, friji na inveta ya kuchajia kamera, kila kitu kama ukiwa safarini. Nikaweka mita kwenye bolti ya alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka: volti 14.2. Alteneta nzuri. Nikahamia kwenye betri, na hapa nisikilizeni, si kwenye terminali, kile kishikio kilichobana, bali kwenye nguzo yenyewe ya risasi. Volti 13.1. Kutoka alteneta mpaka betri ni waya usiofika mita mbili. Volti 1.1 imepotelea wapi?

Nikafungua kile kifuniko chekundu cha chanya. Bolti moja ina pete nne za waya, moja juu ya nyingine kama chapati. Chini kabisa, pete nene ya winchi. Juu yake washa ya chuma yenye kutu, sijui iliokotwa wapi. Kisha pete ya friji, kisha ya inveta, na juu kabisa, nati ikiwa imeshika nyuzi mbili tatu tu, waya unaoleta umeme kutoka alteneta. Pete yake imegeuka nyeusi, ina unga wa kijani pembeni. Gamba la waya limekauka, ukilikunja linapasuka kama ganda la karanga. Nikaigusa kwa kidole, nikakirudisha haraka. Ilikuwa inachoma.

Mafundi wawili walishalitazama gari lile kabla yangu. Kwa nini hawakuona? Kwa sababu stata, mota ya kuwashia injini, ilikuwa inapiga vizuri betri ikiwa na moto. Waya mnene wa stata umebanwa kwenye terminali yenyewe, haupiti kwenye ule mnara wa pete. Na winchi ilivuta vizuri kwa sababu pete yake ilikuwa chini, imegusa terminali moja kwa moja. Yaani anayekula ameketi karibu na sufuria, anayeleta chakula amezuiwa mlangoni. Betri ilitoa kila siku, ikarudishiwa nusu. Betri ya risasi ikikaa na njaa wiki kwa wiki, pleti zake zinaota ganda gumu la salfeti, na ganda hilo likishakomaa hakuna chaja itakayoliondoa. Ndiyo maana mbili zile hazikurudi. Ya tatu ilikuwa bado changa, nikaichaji polepole usiku kucha, ikapona.

Dawa ilikuwa nini? Spana, msasa na kipande cha shaba chenye bolti nne, kila waya upate kiti chake. Nilipopima tena, nguzo ya betri ilisoma 14.0. Dereva akaipiga picha ile mita akawatumie ofisini. Alifanya vizuri.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, fundi, gari langu halina friji wala inveta, hiyo hainihusu. Sawa, tupige hesabu. Winchi ya kuvuta kilo 4,300, hizi zilizoandikwa paundi 9,500, ikivuta kwa nguvu yake yote kwa volti 12 inakula ampea 400 hivi. Alteneta yako ina 80, labda 100, na gari lenyewe linazitumia sehemu. Kwa hiyo usiniambie "injini ilikuwa inawaka". Injini iwake, ndiyo, tena usivute bila kuiwasha, lakini sehemu kubwa ya umeme inatoka kwenye betri. Dakika tano za mvuto mzito ni ampea-saa 33. Betri ya ampea-saa 100 umeshaimega theluthi, halafu unajinasua, unakwenda lodji umbali wa dakika kumi na tano na kuzima. Umerudisha nini? Hukurudisha kitu! Kuijaza hiyo theluthi ni mwendo wa saa moja na zaidi, na zile asilimia za mwisho betri huzipokea polepole, hazitaki haraka.

Mwingine atasema basi tuweke betri ya pili. Sikatai betri ya pili, mimi mwenyewe nazifunga. Lakini ukiifunga juu ya waya mbovu umeongeza mdomo wa pili kwenye sufuria ileile isiyojazwa. Pima kwanza, halafu njoo tuzungumze.

Sasa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, nayo ni ugomvi wangu wa miaka. Waya mwekundu watu wanauheshimu, mweusi wanaufunga kwenye bampa. Bampa ina rangi! Chini ya rangi kuna kutu, na bampa yenyewe imeshikiliwa kwenye chesisi na bolti zenye matope ya msimu uliopita. Ampea zile 400 zilizotoka kwenye chanya lazima zirudi hasi, zote. Zikikosa njia zitatafuta nyingine, na nimewahi kuona kebo ya breki ya mkono imechomeka kwa sababu umeme wa winchi ulipita humo. Waya mweusi wa winchi uende kwenye hasi ya betri yenyewe, unene uleule wa mwekundu. Asiyeniamini apime hivi: ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya mota ya winchi, mwenzako avute mzigo. Ikizidi nusu volti, umeme wako unabaki njiani na kugeuka joto. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo hadi bolti ya mota. Kipimo hiki bila mzigo hakina maana, kwa hiyo usinipigie simu uniambie umepata sifuri na winchi imelala.

Na gari linalokaa siku tatu tu betri imeisha? Hapo umeme unavuja. Fungua hasi upitishe mita katikati, funga milango, kisha subiri nusu saa kompyuta zilale. Ikisoma chini ya miliampea 50, lala salama. Ikisoma zaidi, kawaida fundi anaanza kuchomoa fyuzi moja moja, saa nzima, haoni kitu. Hawezi kuona, kwa sababu winchi nyingi zimefungwa moja kwa moja kwenye betri, hazipiti kwenye boksi la fyuzi! Fungua waya wa winchi kwanza. Mara nyingi ni ile rimoti isiyo na waya, kipokezi chake kiko macho usiku na mchana. Weka swichi kuu ya kukatia umeme, lakini iwe ya kubeba mkondo wa winchi. Zile ndogo za bei ya chini zinayeyuka, nimezibandua nyingi. Na swichi ikishakata, waya ule usio na fyuzi hauna moto unapopita nyuma ya bampa, kwa hiyo hata ukisuguliwa na chuma hauwashi gari. Hilo pekee linatosha kuilipia.

Naonyeshwa saa. Haraka basi. Kapi: ukipitisha kamba kwenye kapi na kuirudisha kwenye gari lako, mzigo kwenye winchi unapungua karibu nusu, na ampea zinashuka nao. Itakwenda taratibu, lakini betri itakushukuru. Wenye zile Land Cruiser za zamani za volti 24, msichukue volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili ili mlishe winchi. Moja itakufa kwa njaa, nyingine kwa kuchajiwa kupita kiasi. Tafuteni winchi ya 24.

Maswali tutayajibia nje, mita ikiwa mkononi. Nimeona magari manne yana winchi pale kwenye mwembe. Wewe kaka wa shati la bluu, lako ndilo lililobustiwa asubuhi, sivyo? Fungua boneti, tuanze na lako.