Klasta Kubwa Imetoka Wapi?

Karibuni tuendelee. Leo nataka tuzungumzie zile rangi nyekundu na njano mnazoziona kwenye picha za MRI za ubongo unaofanya kazi.

Programu huukata ubongo vipande vidogo vyenye umbo la dadu, yaani vokseli. Tuseme ziko 50,000. Ukipima kila moja kwa kiwango cha asilimia 5, yaani ukikubali nafasi hiyo ya kukosea, vokseli kama 2,500 zitawaka hata kama mhusika hakufanya lolote. Ndiyo maana tunatazama klasta, yaani vokseli zilizowaka zikiwa zimeshikana: unaweka kizingiti cha kwanza ambacho kila vokseli lazima ikipite, kisha unauliza kama vokseli zilizopita na kushikana ni nyingi kuliko ambavyo kelele tupu, yaani mabadiliko ya kibahati katika vipimo, ingeweza kuzikusanya.

Sasa, kelele inaweza kukusanya ngapi? Hapo ndipo penye kazi. Kati ya programu za kuchambua picha hizi, SPM na FSL zilijibu kwa nadharia, AFNI kwa kuigiza kelele kwenye kompyuta. Zote zilichukulia kwamba mfanano wa vokseli jirani hupungua kwa umbo la kengele ya Gauss kadiri umbali unavyoongezeka. Data halisi haitii: mfanano ule hufifia polepole, unafika mbali. Kwa hiyo kelele yenyewe huzaa klasta kubwa, hasa kizingiti cha kwanza kikiwa legevu, mathalani 0.01.

Mwaka 2016 watafiti Eklund, Nichols na Knutsson walichukua picha za watu 499 wenye afya waliolala tu kwenye mashine, wakawagawa kwa bahati nasibu na kuwachambua kana kwamba walipewa kazi. Makosa, yaani kuona klasta pasipo na kitu, yalipaswa kuwa asilimia 5. Katika baadhi ya vipimo yalifika 70. Walikuta pia hitilafu ndani ya AFNI iliyodumu miaka 15, ikarekebishwa 2015. Magazeti yakadaka idadi ya tafiti 40,000 kuwa ndizo zilizotiwa shaka. Ilitiwa chumvi: Nichols mwenyewe baadaye alikadiria zilizoathirika kuwa 3,500 hivi.

Kwa kizingiti cha kwanza cha 0.001 hali ilikuwa nafuu sana. Mkilinganisha makundi mawili, afadhali zaidi mchanganye majina ya makundi mara maelfu, data yenyewe iwaonyeshe kelele yake.

Na jambo moja wengi wanalikosea: klasta ikipita, umethibitisha kwamba mahali fulani ndani yake pana kitu. Hujathibitisha kila vokseli. Klasta iliyotambaa kutoka amigdala hadi hipokampasi, sehemu mbili jirani za ubongo, haikuruhusu kuandika kwamba amigdala imewaka.

Haya, maswali.