Kipindi cha leo: Mama na Mbuzi Wake

RUKIA: Asalaam aleikum, karibuni. Sele, kabla hujasema kitu: mbuzi yangu iko wapi?

SULEIMAN: Waaleikum salaam. Wasikilizaji mmesikia, hata hali hakunijulia.

RUKIA: Toka Ramadhani umeiazima! Lakini leo nina sababu. Alkhamisi mvua ilinishika hapa Wete, nikapita tuisheni ya Kiingereza kumchukua mtoto wa dada yangu, yule wa darasa la sita. Kule Alkhamisi mwalimu hasomeshi. Anakaa benchi la nyuma, mwanafunzi mmoja anashika chaki. Zamu ilikuwa ya huyo mtoto wetu: vyombo vya jikoni, pamoja na ile "s" ya kitendo. "I sit", "she sits".

SULEIMAN: Mashallah.

RUKIA: Ngoja. Kachora kibao, miguu, ulimi wa chuma na meno yake, kila mtu kaijua. Kisha kaandika: "My mother sits on a goat every day." Darasa zima likaitikia mara tatu, utadhani maulidi.

SULEIMAN: Loh! Juu ya mbuzi!

RUKIA: Kila siku! Kitoto kimoja kikanyoosha mkono: "Teacher, does the goat cry?"

SULEIMAN: (kicheko) Na mwalimu?

RUKIA: Kajiziba mdomo kwa daftari. Hakusema neno.

SULEIMAN: Hapo kakosea.

RUKIA: Kakosea nini? Somo lilikuwa "s". "Sits" ina "s" yake, "does" imekaa pahala pake, na aliyeuliza ni mtoto ambaye mwalimu akisomesha yeye hafungui kinywa.

SULEIMAN: Na watoto 30 wamerudi majumbani na mbuzi kwenye madaftari. Bi Rukia, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza toka darasa la tano. Mtoto hajui jina la chombo cha mamake, akifika kwenye sayansi si atakwenda kukikamua maziwa?

RUKIA: Kikamuliwe! Mimi nasema Kiswahili chenyewe ndicho kilichomponza. Sisi mbuzi tunamjua kwa kitendo. Amekatika mguu, muite daktari wa mifugo. Imekatika mguu, mpelekee seremala. Kiingereza hakina habari hiyo, kinataka jina jengine kabisa, "coconut grater". Atalijuaje asipojikwaa?

SULEIMAN: Ataambiwa! Papo hapo. Mwalimu anyanyuke, aseme "mwanangu, sivyo", arudi kukaa.

RUKIA: Alkhamisi ijayo nani atashika hiyo chaki?

SULEIMAN: Anayejua.

RUKIA: Basi watabaki walewale wawili wa mbele mpaka mwisho wa mwaka.

SULEIMAN: Wewe hukumwambia kitu?

RUKIA: Nilimwambia. Nyumbani, usiku, tunakuna nazi. Kwa mbuzi ya jirani, kwa taarifa yako.

SULEIMAN: Si umemsahihisha!

RUKIA: Faraghani. Si mbele ya wenziwe.

SULEIMAN: Na wale 29? Utawapitia nyumba kwa nyumba, hodi hodi, mbuzi si goat?

RUKIA: (kimya) Sikubali, Sele.

SULEIMAN: Hata mimi sikubali.

RUKIA: Basi.

SULEIMAN: Basi. Tuwape wasikilizaji yale matatu tuliyoahidi. La kwanza, kugawa zamu ili...

RUKIA: Muadhini huyo.

SULEIMAN: Yarabi! Hata moja hatujafika.

RUKIA: Wewe na mbuzi wako.

SULEIMAN: Haraka basi, "a" na "the". Ukimtaja mara ya kwanza, "a goat". Akirudi tena kwenye maneno, "the goat".

RUKIA: Wangu hajarudi.

SULEIMAN: Yako haijarudi. Sema vizuri.

RUKIA: Amekiri! Wasikilizaji, amekiri! Imevunjika?

SULEIMAN: Meno mawili tu.