Nimefika ofisi ya leseni, kumbe Lincoln kazaliwa leo

Shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi. Niko garini hapa Illinois, Marekani, hita imewashwa mpaka mwisho na vidole bado havijapata habari.

Nimeomba ruhusa kazini nije kuhuisha leseni. Nafika, mlango umefungwa, karatasi imebandikwa kwenye kioo: 12 Februari, kuzaliwa kwa Lincoln, yule rais wao wa zamani. Nikiwa bado nimeduwaa, gari la posta hilo likasimama, jamaa anashusha vifurushi kama kawaida. Sikukuu gani hii, posta wanapiga kazi?

Iko hivi. Posta ni ya serikali kuu, leseni ni ya jimbo, na huku kila mmoja ana kalenda yake. Lincoln alizaliwa Kentucky mwaka 1809, lakini uwakili na siasa alivifanyia Illinois, na kaburi lake liko Springfield. Basi jimbo likampa siku. Washington hawajampa. Mwajiri wangu naye hana habari, ndiyo maana niliomba ruhusa. Hapo jirani Indiana ndiyo vichekesho: wafanyakazi wa serikali ya jimbo hupewa mapumziko ya Lincoln Ijumaa baada ya Sikukuu ya Shukrani. Mtu wa Februari anasherehekewa Novemba!

Msidhani ni mambo ya mapumziko tu, watu wamegombana. Siku ya Martin Luther King, Rais Reagan aliisaini 1983, ikaanza kuadhimishwa 1986. Lakini sheria ile iliwabana watumishi wa serikali kuu, majimbo yakabaki na uamuzi wao. Illinois ilishatangulia tangu 1973. Arizona wapiga kura waliikataa 1990, wakanyang'anywa fainali ya mpira wa Kimarekani ya 1993. Mwaka 1992 wakapiga kura tena, safari hii wakakubali. Na mpaka leo Alabama na Mississippi siku hiyohiyo wanamuenzi King pamoja na Jenerali Lee, aliyeongoza jeshi la waliotetea utumwa. Hiyo mimi hainiingii akilini.

Sasa angalieni kwetu. Nyerere alizaliwa 13 Aprili 1922, ila tunapumzika 14 Oktoba, siku aliyofariki. Karume, 7 Aprili, siku aliyouawa. Wakenya nao 20 Oktoba yao ilianzia kwenye kukamatwa kwa Kenyatta, 1952. Nadhani ni kwa sababu kuzaliwa kwa wazee wetu wengi hakukuandikwa. Babu yangu alizaliwa "mwaka wa nzige", utamwekea sikukuu tarehe ngapi? Msiba ndio kila mtu ana tarehe yake. Ile Oktoba ya 1999 nilikuwa mdogo, lakini namwona mama ameachia nazi juu ya mbuzi, haijakunwa hata nusu, anaisikiliza redio.

Nyie je, mlikuwa wapi siku ile? Niandikieni hapo chini. Mimi kesho naomba ruhusa tena, sijui nitamwambia nini bosi.