Jinsi ya kukokotoa punguzo la kodi kwa watu wa kipato cha chini nchini Australia

Hamjambo watazamaji, na karibuni. Tuseme mnaishi Australia, mwaka wa kodi umefungwa tarehe 30 Juni, na ritani mnaijaza wenyewe kabla ya tarehe 31 Oktoba kupita. Leo tunalikokotoa punguzo la watu wa kipato cha chini, ambalo Ofisi ya Kodi hulihesabu yenyewe bila ninyi kuliomba, lakini ambalo ni vyema mkalielewa ili msije mkasubiri fedha zisizokuwepo.

Anzeni na mapato yanayotozwa kodi, yaani mapato ya mwaka mzima baada ya kuondoa gharama za kazi zinazokubalika. Mfano ulio kwenye skrini ni wa msafishaji wa ofisi aliyebakiwa na dola 42,000 katika mwaka wa 2024–25. Dola 18,200 za mwanzo hazitozwi kitu. 23,800 zinazosalia zinatozwa asilimia 16, na hapo kodi inakuwa dola 3,808.

Sasa litafuteni punguzo. Asiyezidi dola 37,500 hupewa kiwango cha juu, yaani dola 700. Kila dola inayozidi hapo hulipunguza kwa senti 5 hadi mapato yafike 45,000, kisha kwa senti moja na nusu, mpaka linapokwisha kwenye 66,667. Msafishaji wetu amezidi kwa dola 4,500. Zidisheni kwa senti 5 mpate 225, mziondoe kwenye 700. Zilizobaki ni 475, nazo zinatolewa kwenye kodi yenyewe, si kwenye mapato: 3,808 inashuka hadi 3,333. Viatu vya kazi vya dola 100, kwa kuwa hupunguza mapato, vingemwokolea dola 23 tu, zikiwamo 5 zinazoongezeka kwenye punguzo hilihili na 2 za tozo ya Medicare, yaani bima ya afya ya umma, tunayoifikia sasa.

Tozo ya Medicare ya asilimia 2, ambayo kwake ni dola 840, haiguswi na punguzo; iongezeni, jumla iwe 4,173. Kama mwajiri alimkata zaidi ya hapo, ziada hiyo ndiyo inayorudi.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapolalamika. Mwenye mapato ya dola 20,000 anadaiwa kodi ya dola 288. Punguzo la 700 linaifuta yote, lakini 412 zinazobaki halipwi mtu. Anachorudishiwa ni kile alichokatwa kwenye mshahara, basi. Na lile punguzo jingine la kipato cha chini na cha kati, lililofikia dola 1,500 katika mwaka wa 2021–22, lilikoma tarehe 30 Juni 2022. Jirani akisisitiza kwamba bado lipo, mwombeni awaonyeshe taarifa yake ya mwaka huu.

Mwisho, fungueni taarifa ya kodi mliyotumiwa na Ofisi, mtafute mstari wa mapunguzo yasiyorejeshwa. Mkikuta sifuri ilhali mapato yenu yako kati ya 18,200 na 66,667, angalieni kwanza kama kwenye ritani mlijaza kuwa ninyi ni wakazi kwa madhumuni ya kodi, kwani asiye mkazi hapewi punguzo hili.