Gesi ya AC Haiishi

Asalaam aleikum jamani, karibuni. Naanza na lile lile ninalolisema kila nikipewa maiki, na sitachoka kulisema: gesi ya AC haiishi. Kila mwaka kaskazi ikishika, mtu yuamuita fundi "aje aongeze gesi", kama gari linakwenda sheli. Ile gesi haichomwi! Ni ile ile yazunguka ndani ya paipu za shaba miaka nenda miaka rudi, na ikipungua basi kuna mahali yavuja.

Nendeni kibanda cha chipsi jioni, jiko limewaka kwa nguvu tangu mchana, gusa ule mtungi wa gesi. Baridi! Watoka jasho mpaka chini pameloa, na hakuna aliyeutia barafu. Mle ndani gesi imekaa kama maji, na ili igeuke mvuke lazima ipate joto, inalivuta kwenye chuma cha mtungi, nacho chuma chalivuta kwenye hewa. Koili ya AC chumbani yafanya kazi hiyo hiyo, gesi inaingia ikiwa maji, presha iko chini, inachemka hata kwenye digrii 5 au 10, na joto la kuichemsha inalichukua kwenye hewa ya chumba ambayo feni inaipitisha pale.

Najua kuna atakayesema mbona wa chipsi huisha? Huisha kwa sababu mvuke wake unakwenda kuwa moto jikoni. Wa AC unatoka nje kwenye kompresa, unabanwa, presha inapanda mpaka unakuwa na digrii 50 na zaidi, kwa hivyo hewa ya Mombasa ya digrii 32 inayotuchoma sisi, kwake yeye ni baridi, joto linamtoka, anarudi kuwa maji, anapita kwenye kapilari, kile kipaipu chembamba, presha inashuka, huyo chumbani tena. Upepo wa moto unaokupiga ukipita karibu na yuniti ya nje ni joto la chumba chako pamoja na la stima. Ndiyo sababu AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu yake ya kupoza) yaondoa chumbani joto la kilowati 3.5 kwa stima ya kilowati 1 hivi, maana kazi yake ni kuhamisha tu.

"Lakini aliongeza na ikapoa." Itapoa, ndio, na tundu liko pale pale, kesho kutwa gesi imetoka tena, koili yashika barafu, kompresa yapata joto kupita kiasi mpaka inaungua, na kompresa mnajua bei yake. Fundi wa kweli anatia naitrojini ya kupimia uvujaji, anapaka povu la sabuni kwenye nati na maungio, anaziba, anavuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, ndipo anapima gesi kwa mizani. Akija na geji ya presha na mtungi peke yake muulize yavujia wapi, na kama hajui usimlipe ya gesi! Yaniuma watu kutozwa kila mwaka kwa kitu kimoja. Na si mfuko wako tu, kilo moja ya R-410A, gesi iliyo kwenye AC nyingi, ikitoka angani yapasha dunia kushinda kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi, ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali 2016 gesi hizi zipunguzwe.

Muda wanikimbia. Wanaoweka rimoti kwenye 16 ili ipoe upesi: AC isiyo ya inveta, yaani ile ambayo kompresa yake huwaka na kuzima tu, haipozi haraka zaidi, yakataa tu kuzima, weka 24 na ufunge mlango. Maji yanayodondoka nje ni unyevu wa chumba, si ugonjwa, hata Willis Carrier, mhandisi aliyebuni AC ya kisasa, mwaka 1902 kule Brooklyn alianza kwa kuondoa unyevu kwenye kiwanda cha uchapaji. Walio karibu na bahari, Nyali, Bamburi, chumvi yala zile pezi za alumini, osheni yuniti ya nje kwa maji yasiyo ya chumvi, stima ikiwa imezimwa. Filta mnajua, ioshwe. Na AC mpya nyingi zina R-32, hii yashika moto, kwa hivyo fundi asiwashe tochi ya kuchomea paipu mpaka gesi yote itolewe na iingie kwenye mtungi wake, na madirisha yawe wazi.