Mteremko ni Mchezo wa Breki

Maongezi na vijana wanaojiandaa kwa mbio zao za kwanza za baiskeli za mteremko, Arusha

Shikamooni wazazi. Vijana, mambo vipi? Naomba mliokaa nyuma msogee, maana hii spika tumeiazima na sauti yangu yenyewe ndiyo kama mnavyoisikia.

Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya mbio za kwanza. Juzi usiku nikakaa niandike nitakayosema. Nikaanza na kasi, nikajikuta naandika habari za breki. Nikahamia kwenye kuruka, nikarudi kule kule. Karatasi nzima imejaa neno hilo hilo, basi nikaacha kubishana nalo. Leo ni breki tu, na mengine yatapita njiani.

Mmewahi kumtazama mbeba ndizi anavyoshuka kutoka vijiji vya juu huku Meru? Nyuma kabeba mikungu mitatu, minne, na mipira ya breki ilikwisha mwaka juzi. Breki yake ni kandambili. Kona ikiwa bado iko mbele, yeye keshainua mguu, keshaubana wayo kwenye tairi. Unasikia shwaaa, unanusa mpira unaoungua, mwendo unapungua. Kisha anarudisha mguu kwenye pedeli na kuipita kona nzima bila kugusa kitu. Hakufundishwa na mtu. Na mimi nililipa pesa nyingi nchi za watu ili nifundishwe hicho hicho: maliza kufunga breki kabla ya kona.

Sababu yake ni nyepesi. Tairi lina mshiko wenye kiasi chake. Mshiko huo ndio unaokupunguzia mwendo na ndio huo huo unaokugeuza. Ukilidai tairi kazi zote mbili kwa wakati mmoja, kwenye vumbi au tope, linakuachia. Kwa hiyo usiumalize mshiko kwenye breki ukaufikia mpindo mikono mitupu.

Mchezo wenyewe ulizaliwa na habari za breki. Tarehe 21 Oktoba 1976, juu ya kilima karibu na mji mdogo wa Fairfax, California, vijana wachache walikusanyika na baiskeli nzito za kizamani zenye matairi manene. Kila mmoja alishuka peke yake akipimwa kwa saa, njia ya vumbi ya kilomita tatu na ushei, mita kama 400 kwenda chini. Breki za baiskeli zile zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu: unakanyaga pedeli kinyumenyume. Ukifika chini habu imepata moto mpaka grisi inatoa moshi na kukauka, na kabla ya kushuka tena lazima uifungue na kuijaza grisi upya. Njia ile wakaiita Repack, yaani jaza tena. Naona mzee fundi pale pembeni anatikisa kichwa. Habu za namna hiyo amezifungua ngapi, gololi zimemwagika kwenye sinia, mikono myeusi hadi kwenye viwiko? Mwaka 1990 mchezo ule ukawa na mashindano ya dunia, kule Durango, Colorado, na mteremko ukiwamo.

Sasa nije kwangu. Mbio zangu za kwanza zilikuwa Fort William, Scotland. Nilikuwa nasoma Glasgow, na rafiki zangu wa darasani walikuwa wagonjwa wa baiskeli. Njia iko kwenye mlima uitwao Aonach Mòr, jirani na Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza: mita 1,345. Hapa mjini tulipokaa tuko kwenye mita 1,400 hivi. Msicheke, mlima haupimwi kwa urefu peke yake. Ile njia ni kilomita 2.8, inashuka mita kama 550, na kuanzia 2002 imefanyiwa mashindano ya Kombe la Dunia mara nyingi. Mashindano ya ubingwa wa dunia yamefika pale 2007 na tena 2023, mwaka ambao Charlie Hatton wa Uingereza na Valentina Höll wa Austria walichukua jezi ya ubingwa. Bingwa wa kiume pale anatumia dakika nne na nusu hivi. Mimi nilitumia dakika nane na sekunde kumi na moja, katika mbio za kawaida za watu wa kawaida, na nikashukuru Mungu.

Baiskeli nilinunua mtumba, kutoka kwa mtu aliyehamia kutoka bara Ulaya. Nzuri, shokapu mbele na nyuma, zinazozama hadi milimita 200. Kitu kimoja sikukiangalia. Uingereza breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia. Bara Ulaya na Marekani iko kushoto. Ijumaa, kwenye mazoezi, kona ya tatu tu, nikavuta kushoto nikidhani napunguza nyuma. Nikaruka juu ya usukani kama gunia la mkaa linalotupwa kutoka kwenye lori. Kwa hiyo ukiazima, ukikodi au ukinunua baiskeli, kabla hata ya kujaza upepo, isukume kwa mguu, vuta mkono mmoja uone gurudumu lipi limesimama. Kama siyo ulilozoea, fundi abadilishe siku hiyo hiyo.

Jumamosi ilikuwa mbaya zaidi, ingawa sikuanguka. Juu kule hakuna miti, ni mawe na upepo, kisha unaingia msituni kwenye mizizi, na mwisho kuna sehemu ya wazi yenye miruko mikubwa inayokupeleka kwa watazamaji. Mimi nilifunga breki pale juu, kwenye kibanda cha kuondokea, na kuziachia chini. Nilipofika, mikono kuanzia kiwiko hadi vidole imekaza kama kuni. Nilishindwa kufungua zipu ya koti langu; ilibidi mtoto wa mtu mwingine anifungulie. Mzee mmoja wa makamo, kofia ya sufu kichwani, akaja akaitazama diski yangu ya nyuma, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi za breki. Imegeuka rangi ya bluu. Akaitemea mate, yakachemka. Akaniambia kesho alfajiri niache baiskeli hemani, nipande kwa miguu.

Nikapanda. Visubi wa Scotland hawana huruma, wanaingia hadi kwenye kope, na asubuhi bila upepo ndiyo saa yao ya chai. Lakini kile nilichokiona kwa saa mbili zile sijakiona kwa siku mbili juu ya baiskeli. Niliona kwamba jiwe lililonitisha lina njia laini upande wake wa kushoto, ya upana wa kiganja. Niliona mizizi inayopita kwa mshazari, ile inayokwepesha tairi, na ile inayokatiza njia moja kwa moja, ambayo haina neno. Nilikuwa nageuka kila mara kutazama chini, kwa sababu njia inayoonekana unapopanda siyo ile utakayoiona unaposhuka. Na kila mahali penye sababu ya kufunga breki nilitafuta alama: jiwe lenye baka jeupe, kisiki kilichokatwa, nguzo ya tatu ya uzio. Nikahesabu. Zilikuwa sehemu kumi na tisa. Jana yake nilikuwa nimefunga mara moja tu, kutoka juu hadi chini.

Hapo ndipo penyewe, vijana, naomba tukae kidogo. Anayeanza hashiki breki kwa kuwa mwoga. Anashika kwa sababu hajui kilicho mbele. Usipojua, macho yanashuka kwenye tairi la mbele. Macho yakiwa kwenye tairi, kila jiwe linakuja kwa ghafla. Kila ghafla kidole kinavuta. Kidole kikivuta muda wote, diski inapata moto, pedi zinapoteza nguvu, mafuta ya breki yanaweza kuchemka na mkono wa breki ukalala hadi kwenye usukani. Na mkono wako wewe mwenyewe unakaza, kwa hiyo pale unapoihitaji breki kweli, huna vidole vya kuivuta. Yote yameanzia kwenye kutojua. Dawa yake haiuzwi dukani, ni miguu yako na asubuhi moja.

Breki yenyewe itumie hivi. Kidole kimoja, cha shahada, vingine vishike usukani. Mkono wa breki usogezwe karibu ili kidole kifike bila kunyooka, na uinamishwe kiasi ambacho ukisimama kwenye pedeli kiganja na mkono vinakuwa mstari mmoja. Vuta kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia kabisa diski ipumue. Unapovuta, visigino chini, uzito uende miguuni. Na msiiogope ya mbele. Ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu unapopunguza mwendo uzito unakimbilia mbele. Inakurusha ukiivuta kwa kushtuka, au mkono ukiwa siyo wenyewe, kama mimi.

Zoezi lake halina gharama. Tafuteni mteremko mmoja wenye kona. Wekeni jiwe kabla ya kona. Sheria ni moja: baada ya jiwe, hakuna breki. Siku ya kwanza utafika kwenye jiwe unatambaa. Siku ya kumi utalisogeza jiwe mwenyewe. Na angalau mara moja kwa wiki shukeni njia ndefu bila kusimama, kwa sababu mbio hazina mahali pa kupumzika, na wengi wetu tumezoea kushuka vipande vipande tukisimama kupiga picha.

Pedi mpya hazishiki. Zizoeshe: kimbiza baiskeli, punguza taratibu bila kufunga gurudumu, mara ishirini, thelathini. Ukilainisha cheni funika diski kwa kitambaa, tone moja la mafuta linaharibu pedi. Mafuta ya breki ya aina ya DOT yanavuta unyevu wa hewani, na yakishavuta maji yanachemka mapema, hivyo kama hujui yana miaka mingapi mle ndani, fundi ayatoe yote. Na wiki ya mbio usifunge kifaa kipya chochote. Hata glovu.

Matairi: yale mazito yenye kuta mbili. Upepo usizidishe, wengi wanaanzia kwenye paundi 25 hadi 30 kulingana na uzito wao na mawe ya njia, nyuma ukizidi mbele kidogo. Pancha itakuja siku moja. Mwaka 2013 ubingwa wa dunia ulifika Afrika Kusini, Pietermaritzburg, nyumbani kwa Greg Minnaar, bingwa wa mteremko. Tairi lake la nyuma lilipata pancha karibu na mwisho, akamalizia hivyo hivyo na akashinda kwa chini ya nusu sekunde. Nawaambia hili kwa sababu moja: ukipata pancha mita mia za mwisho usishuke ukaanza kuitazama.

Mama aliyenishika mkono pale mlangoni akaniuliza kama watoto wanaumia. Ndiyo mama, wanaumia. Mtulinga ndio unaovunjika zaidi, na vifundo vya mikono. Kwa hiyo helmeti ni ile inayofunika uso na kidevu, siyo ya barabarani. Kinga za magoti, ya mgongo, miwani, glovu za vidole vyote. Helmeti iliyokwisha gonga chini kwa nguvu haivaliwi tena, hata kama haina ufa. Na aliyegonga kichwa, mbio zake zimeishia hapo siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Hasa akisema yuko sawa.

Siku yenyewe mtaondoka mmoja mmoja, saa inahesabu. Ukiona bendera nyekundu inapeperushwa, simama papo hapo. Kuna mtu yuko chini, na utaomba kushuka tena. Ukisikia mwenzako anapiga kelele nyuma yako, mpishe penye nafasi, usigombee. Usile kitu ambacho tumbo halikijui. Mimi pale kibandani juu nilikuwa natetemeka mpaka mwanzishaji akashika siti yangu nisidondoke. Nikazisoma alama zangu kimoyomoyo: baka jeupe, kisiki, nguzo ya tatu. Nikaondoka. Nilianguka mara mbili, polepole, penye nyasi. Lakini chini nilifungua zipu ya koti mwenyewe.

Maswali yapo mengi, nayaona kwenye nyuso. Tuyaulize tukiwa wima. Wewe kijana wa jezi ya kijani, baiskeli yako nimepishana nayo pale nje. Breki ya nyuma inalia. Ilete hapa katikati, na mzee fundi naye asogee na bisibisi zake.