Hali Kwanza, Komponenti Baadaye: Mhadhara kwa Vijana wa Lamu

Assalaam aleikum. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni, na ahsanteni kwa kuja, ijapokuwa nahisi wengine mmeburutwa na wajukuu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kujifunza kutengeneza programu za wavuti kwa React, Vue na wenzao, yaani zana za JavaScript, ile lugha inayoendesha kurasa ndani ya kivinjari. Nitaegemea React kwa sababu wengi wenu ndiyo mliyoanza nayo. Lakini neno langu ni moja na linazihusu zote: mwanafunzi anayekimbilia komponenti, yaani vipande vinavyojenga ukurasa, kabla hajaelewa hali, yaani data inayobadilika, atachoka bure.

Tuchukue boti ya kutoka Mokowe kuja hapa Amu, mji wa Lamu. Tunatengeneza programu ya kukatia nafasi, na boti yetu inabeba abiria 20. Juu ya ukurasa pameandikwa nafasi zilizobaki. Katikati pana orodha ya abiria. Chini pana kitufe cha kukata nafasi, na boti ikijaa kitufe hicho kifungwe. Basi akiongezeka abiria mmoja, pahala patatu panatakiwa pabadilike kwa pamoja.

Enzi za jQuery, maktaba ya JavaScript iliyotoka 2006, kila pahala ungepaandikia amri yake: punguza namba ile, ongeza mstari huu, angalia kama kitufe kifungwe. Kesho yake mwenye boti anataka abiria aweze kughairi, nawe unaandika amri zile zile upya, kinyumenyume. Sahau moja tu. Juu panasema nafasi mbili zimebaki, chini kitufe kimefungwa, na abiria amesimama gatini hajui aamini kipi.

React, ambayo Facebook iliitoa hadharani 2013, ilishika njia nyingine. Humwambii kivinjari abadilishe nini. Unaeleza ukurasa uonekaneje iwapo data iko hivi au vile, kisha unabadilisha data. React inaiita tena funksheni yako, inalinganisha matokeo mapya na ya awali, na inagusa zile sehemu zilizotofautiana tu. Vue ya Evan You ilifuata 2014, na Svelte ya Rich Harris 2016. Hii ya mwisho hufanya sehemu kubwa ya hesabu mapema, msimbo unapotayarishwa, kabla ya kufika kwenye simu ya mtu.

Hiyo data inayobadilika ndiyo hali. Sasa niambieni, katika programu yetu hali ni ngapi?

Nasikia tatu. Orodha ya abiria, nafasi zilizobaki, na boti imejaa au la. Jibu hilo ndilo ninaloliona kwa karibu kila anayeanza, naye huandika useState, amri ya React ya kuhifadhi hali, mara tatu. Hali hapa ni moja: orodha ya abiria. Nafasi zilizobaki ni 20 ukitoa urefu wa orodha. Kujaa ni kuuliza kama nafasi ni sifuri. Ukivihifadhi vyote vitatu umeirudisha taabu ya jQuery kwa mlango wa nyuma, maana itakubidi ukumbuke kuvilinganisha kila mara. Kinachoweza kukokotolewa, kikokotoe, usikihifadhi.

Baada ya hapo ndipo komponenti zinajipanga zenyewe. Kichwa, orodha na kitufe vyote vinahitaji orodha ile ile ya abiria, kwa hiyo hali ikae kwenye komponenti iliyo juu yao. Watoto, yaani komponenti zilizo chini yake, wanapokea data kupitia propu, thamani ambazo mzazi huyo anawapa. Kitufe hakibadilishi orodha ya mzazi; kinapewa funksheni, kikibonyezwa kinaiita, na mzazi ndiye anayebadilisha.

Mtego mmoja nauzungumzia kila ninapofundisha. Unamwongeza abiria kwa push, amri ya JavaScript ya kuongeza kitu mwishoni mwa orodha iliyopo, kisha unaikabidhi React orodha ile ile. Skrini haisogei. Unaapa kwamba React ni mbovu. Lakini React haichungulii ndani ya orodha kuhesabu watu. Inauliza tu kama imepewa kitu kipya au kile kile cha zamani. Kikiwa kile kile, inaendelea na shughuli zake. Tengeneza orodha mpya yenye abiria wa awali pamoja na huyu aliyeingia, uikabidhi hiyo.

Kijana wa nyuma anauliza kama Vue nayo ina mtego huu. Hapana. Vue 3, ya mwaka 2020, hutumia Proxy ya JavaScript kufuatilia mabadiliko, hivyo push inaonekana. Ina mitego yake mingine, usihamie huko ukidhani umeingia peponi.

Na key, alama ambayo React huitumia kuutambua kila mstari. Kila mstari wa orodha upe utambulisho wa kudumu, kama namba ya tikiti. Wengi huweka namba ya mpangilio wa mstari: sifuri, moja, mbili. Ukimwondoa abiria wa kwanza, namba zote zinasogea, na maelezo uliyokuwa umeandika kwenye kisanduku cha Fatma unayakuta kwa Omari.

Haya yote ni JavaScript zaidi kuliko React. Kama map na filter, amri za kugeuza na kuchuja orodha, na tofauti ya kunakili kitu na kuelekeza kwenye kitu kile kile bado zinakusumbua, iache React kwa muda. Haiendi popote.

Tena, kila maktaba unayoiongeza inabebwa na simu ya abiria. Zana za kivinjari cha Chrome zina sehemu ya kuigiza mtandao wa polepole; iwashe, ufungue ukurasa wako, ungoje kama anavyongoja yeye.

La mwisho, na hili React haitakusaidia. Imebaki nafasi moja. Mama mmoja yuko Mokowe, mwingine yuko Shela, wote wanaona kitufe kiko wazi, wanabonyeza pamoja. Hali iliyo kwenye simu zao ni nakala tu. Anayeamua ni seva, kompyuta ya kati inayotunza data ya wote: hifadhidata ikatae abiria wa 21 hata kama skrini ilimkubali, na programu yako iwe na maneno ya kumwambia mama wa pili boti imejaa, na boti inayofuata ni ya saa ngapi. Andikeni sehemu hiyo leo kabla ya kupaka rangi chochote. Kompyuta ziko meza za kule. Kaeni wawili wawili, na mwenye chaja amfikirie mwenzake.